Dawa za Sukari na Uzito: Mizani Ikipanda au Ikishuka, Chanzo Kitafutwe Wapi

Kwenye kaunta ya duka la dawa hapa Mombasa malalamiko huja ya pande mbili. Huyu asema tangu aanzishiwe dawa za sukari amenenepa hadi buibui linambana. Yule asema amekonda mpaka watu wa mtaa wameanza kumtazama kwa huruma. Wote wana kisukari cha aina ya pili, wote wametoka kliniki, na kila mmoja ameshahukumu kwamba dawa ndiyo mbaya. Ukitazama pakiti zao, mara nyingi wanatumia dawa mbili zisizofanana hata kidogo.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe "wakula nini?" Swali hilo lina haraka ya kumtia mtu hatiani. La kwanza ni: dawa yako yaitwaje? Njoo na pakiti, au ipige picha kwa simu, maana "kile kidonge cheupe kikubwa" chaweza kuwa kitu chochote. Metfomini haipandishi uzito, na baadhi ya watu huwapunguza kilo chache. Glibenklamaidi, gliklazaidi na glimepiraidi hupandisha kidogo, insulini, homoni ya kushusha sukari inayodungwa kwa sindano, hupandisha zaidi. Pioglitazoni hupandisha kwa mafuta na kwa maji. Sitagliptini na vildagliptini haziegemei upande wowote. Dapagliflozini na empagliflozini hupunguza, na sindano za liraglutaidi na semaglutaidi hupunguza zaidi ya hizo.

Swali la pili ni tarehe. Uzito ulianza kuhama lini, na wiki zile kulibadilishwa nini: dawa mpya, dozi, kazi, mwezi wa Ramadhani, msiba? La tatu ni namba za sukari (zote hapa ni za kipimo cha mmol/L), ya asubuhi kabla ya kula na ya saa mbili baada ya chakula. Ukiwa na vitu hivyo vitatu, kazi kubwa imeisha. Uzito kupanda huku sukari imetulia ni jambo moja. Uzito kupanda huku sukari yaporomoka chini ya 4 kila mara ni jambo jingine kabisa. Na uzito kushuka huku mashine yasoma 15 si mafanikio, hata watu wakusifu vipi.

Jambo moja kabla hatujaendelea: usiache dawa wala usipunguze dozi kwa uamuzi wako ati ujaribu uone. Kila linaloelezwa hapa chini lina njia ya kurekebishwa na daktari bila mwili kukaa na sukari ya juu.

Kwanza, ihakiki mizani

Wengi wanaosema wameongezeka kilo 2 wamepimwa na viatu, simu, pochi, na sahani ya biriani tumboni. Uzito wa mtu huyo huyo huweza kutofautiana kilo moja au mbili kati ya asubuhi na jioni, kwa maji na chakula tu. Pima kwa mizani ile ile, asubuhi baada ya kwenda choo na kabla ya chai, nguo nyepesi, mara moja kwa wiki. Kila siku hapana, utajitia wazimu. Utepe wa fundi wa nguo nao una manufaa yake. Pima kiuno usawa wa kitovu mara moja kwa mwezi, kwa sababu mafuta ya tumboni ndiyo yanayoikorofisha insulini, na mara nyingine kiuno hupungua kabla mizani haijasema kitu.

"Sukari imeshuka vizuri, lakini nguo zinabana"

Hili ndilo lalamiko la kawaida zaidi, na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Sukari ya damu ikipita takriban 10, figo hushindwa kuirudisha yote na nyingine hutoka na mkojo. Ndiyo sababu ya kwenda msalani usiku kucha, na ndiyo sababu watu wengi walikonda kabla ya kugunduliwa. Kila gramu ya sukari ina kalori 4. Anayepoteza gramu 75 kwa siku anamwaga kalori 300, kama kwamba amekula mahamri mawili kisha akayatupa chooni.

Dawa ikifanya kazi, uvujaji ule unazibika. Chakula kile kile, sahani ile ile, sasa chote kinabaki mwilini. Uzito unapanda ingawa hujaongeza hata tonge.

Jipimie hivi: ulikuwa na kilo ngapi kabla ya ile miezi ya kiu na kukonda? Tafuta kitabu cha zamani cha kliniki, au picha ya harusi ya mwaka juzi. Kama unarudi ulipokuwa, kidonge hakijakunenepesha, kimekurejeshea ulichokuwa ukikipoteza. Hilo halina maana ukae tu. Lina maana kwamba sahani iliyokuwa ikikutosha ulipokuwa mgonjwa sasa imezidi, na cha kuondoa ni zile kalori 200 au 300 zilizokuwa zikipita. Kwa kawaida ongezeko hili hutulia ndani ya miezi ya mwanzo. Likiendelea baada ya nusu mwaka, tafuta sababu nyingine.

Ongezeko hili pia lina kipimo chake. Utafiti mkubwa wa Uingereza unaojulikana kwa jina la UKPDS, uliochapishwa mwaka 1998 baada ya kuwafuatilia wagonjwa kwa takriban miaka 10, ulikuta kwamba waliopewa insulini waliongezeka wastani wa kilo 4 kuliko walioanza kwa mlo peke yake, na waliopewa glibenklamaidi kilo 1.7. Kwa hiyo mtu aliyepanda kilo 12 kwa mwaka mmoja akimwekea kidonge lawama yote, anamwonea kidonge.

"Ikifika saa tano natetemeka, njaa inaniuma, lazima nile"

Hapa dawa ina kesi ya kujibu. Tazama pakiti: karibu kila mara ni glibenklamaidi, glimepiraidi, gliklazaidi, au insulini. Vidonge hivi hulisukuma kongosho litoe insulini, na haliulizi kama chakula kimefika.

Mazoea ya hapa kwetu yanaongeza tatizo. Mtu anaamka alfajiri, anaswali, anameza kidonge kwa kikombe cha sturungi kisha anakwenda zake, Marikiti kupanga biashara, au Likoni kuvuka feri. Chai yenyewe ya kushiba ataipata saa nne au tano. Katikati hapo sukari imeshaporomoka: mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, jasho, hasira zisizo na kichwa wala miguu. (Jasho peke yake si dalili hapa Mombasa, mwezi wa Februari sote tunatoka jasho. Ni lile jasho la baridi linalokuja pamoja na kutetemeka.)

Halafu linakuja kosa la pili. Kwa hofu anakunywa soda nzima, anafuatishia hamri, halafu jingine kwa kuwa njaa ya sukari kushuka haina adabu. Baada ya nusu saa mashine inasoma 14. Jioni anaambiwa sukari yake iko juu, dozi inaongezwa, na kesho yake anaporomoka zaidi. Uzito unapanda kwa mzunguko huo, na mgonjwa analaumiwa kwa ulafi ambao kwa kweli dozi ndiyo inayomtia.

Kuuvunja mzunguko huu, pima kwanza kama mashine iko karibu. Ikiwa chini ya 4, chukua vijiko 3 vya chai vya sukari katika maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, ile ya kawaida na si ile isiyo na sukari. Basi. Kaa dakika 15, pima tena. Bado iko chini? Rudia kipimo kile kile. Haluwa, mahamri na chokoleti hazifai kwa dharura hii, kwani mafuta huchelewesha sukari kufika kwenye damu, na huku ukingoja unaendelea kula. Chakula chako kikiwa mbali, baada ya kupata nafuu kula kitu kidogo, ndizi moja au kipande cha mkate. Huna mashine? Ichukulie imeshuka, tibu hivyo hivyo. Mtu aliyezimia au asiyeweza kumeza asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Sasa, ukipima ukakuta 8 na bado watetemeka? Hutokea kwa mtu aliyezoea kuishi na 18. Mwili wake umeshaizoea ile ya juu, ikishuka mpaka mahali pazuri anajisikia kama amepungukiwa. Huyo hahitaji soda. Maji, kupumzika, na chakula kwa wakati wake. Hali hiyo hupita yenyewe baada ya wiki kadhaa.

Kisha rekebisha chanzo. Kidonge cha aina hii kiende pamoja na chai ya asubuhi, kisiitangulie kwa saa tatu. Kama chai ni saa nne, mwambie daktari hivyo, apange dawa kwa ratiba yako ya kweli na si ile ya kwenye karatasi. Sukari ikiporomoka zaidi ya mara moja kwa wiki, hiyo ni hoja ya kutosha ya kuomba dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe. Gliklazaidi huporomosha kwa nadra kuliko glibenklamaidi. Na ikiwa dawa ni ya babu au bibi, sikiliza kwa makini: Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, liliandika kwamba glibenklamaidi haifai kwa waliopita miaka 60. Hukaa mwilini muda mrefu, na figo za mzee huchelewa kuitoa. Bado naiona ikibebwa na wazee kila wiki.

"Tangu niingie kwenye sindano, naongezeka tu"

Sababu mbili tumeshazitaja: uvujaji umezibika, na kula kwa hofu ya kuporomoka. Kwenye insulini hofu hiyo huja usiku. Mtu anaogopa kufia usingizini, basi kila saa nne usiku anakula mkate na chai ya maziwa "kwa usalama". Pima kabla ya kulala. Ikiwa 8 na dozi haijabadilishwa karibuni, kwa wengi mkate ule hauna kazi. Ukilazimika kula kila usiku ili usiporomoke, dozi ya jioni ndiyo ya kuzungumziwa na daktari.

Kuna sababu mbili nyingine zisizosemwa sana. Ya kwanza ni mabonge. Ukidunga pale pale kila siku, ngozi hufanya uvimbe laini wa mafuta, na insulini inayoingia humo leo inakwama na kesho inatoka yote kwa pamoja. Papasa tumbo kwa vidole ukiwa unaoga. Ukikuta bonge, lihame, zungusha sehemu, na mwambie daktari, kwani kwenye ngozi nzima dozi ile ile huwa na nguvu zaidi na huenda ikahitaji kupunguzwa.

Ya pili ni joto letu. Chupa iliyoachwa kwenye gari lililoegeshwa juani, au juu ya friji jikoni, inapoteza nguvu. Sukari inapanda, daktari anaongeza dozi, halafu unafungua chupa mpya yenye nguvu kamili, unaporomoka, unakula. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, mbali na sehemu ya barafu. Insulini iliyoganda hutupwa. Inayotumika ikae kivulini na kwa kawaida imalizike ndani ya wiki 4 hivi, kulingana na karatasi yake. Kwa wasio na friji kuna habari njema: shirika la Médecins Sans Frontières pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha mwaka 2021 utafiti uliochukua joto la kambi ya Dadaab kama mfano, wakakuta insulini ilihimili wiki 4 za joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Mtungi wa udongo wenye maji husaidia, ingawa kwa unyevu wa hewa ya pwani haupozi kama ungepoza kule kwenye ukavu.

Muulize daktari pia kama metfomini yaweza kuendelea pamoja na sindano. Kwa wengi, zikiwa pamoja, dozi ya insulini huwa ndogo na uzito haupandi sana. Na vijana wa kike naomba wanisikie: kuruka sindano ili kupungua ni hatari. Kinachopungua ni maji na misuli, na mwisho wake huwa ni wodi.

"Nimepanda kilo 3 kwa wiki moja, na miguu imevimba"

Mafuta hayaji kwa kasi hiyo. Haya ni maji. Bonyeza mfupa wa ugoko kwa kidole. Pakibaki shimo, ni maji kweli. Kama unatumia pioglitazoni, hasa pamoja na insulini, rudi kliniki kabla ya miadi yako, kwa sababu dawa hii huzuia maji mwilini na haifai kwa mwenye moyo uliochoka. Figo na moyo wenyewe pia huweza kuwa chanzo bila dawa yoyote kuhusika.

Ukikosa pumzi ukilala chali, au ukiamka usiku kutafuta hewa, nenda hospitali leo.

Wengi wenye sukari wana presha pia na wanameza amlodipini. Hiyo huvimbisha vifundo vya miguu jioni huku mizani ikibaki palepale, na si hatari kama ile nyingine. Itaje ukienda kliniki, dozi hubadilishwa.

"Natumia metfomini na sipungui"

Metfomini si dawa ya kukondesha. Anayesubiri ifanye kazi hiyo atasubiri sana. Inachofanya ni kutokuongezea mzigo, halafu kazi iliyobaki ni ya jikoni, na jikoni kwetu kuna mambo.

Anza na vinywaji, kwa kuwa ndipo pa rahisi. Vijiko 3 vya sukari mara vikombe 4 vya chai ni vijiko 12, karibu kalori 190, na hujatafuna kitu. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Juisi ya miwa na ya embe, hata bila sukari ya kuongeza, ni sukari iliyokwisha kusagwa. Dafu ni nafuu kuliko juisi, lakini si maji. Mawili matatu kwa siku yanahesabika. Kahawa chungu haina kosa lolote. Kosa liko kwenye kisahani kilichofuatana nayo, haluwa au kashata.

Halafu mafuta na nazi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, ya aina yoyote, ni kalori 120 hivi. Tui zito, nusu kikombe cha chai, linakaribia 200. Sisemi uache nazi, nani atanisikiliza? Pikia tui jepesi, na kasimile itie vijiko viwili vitatu mwishoni ili harufu ipatikane. Wali wa nazi pamoja na maharagwe ya nazi pamoja na samaki wa kupaka ni nazi mara tatu katika mlo mmoja. Chagua moja iwe ya nazi, nyingine zipikwe kwa nyanya na ndimu. Mbaazi ni chakula kizuri sana kwa mwenye sukari, zina utembo (nyuzinyuzi) na protini na hushibisha. Kinachoharibu ni mahamri manne pembeni. Hamri moja, bakuli la mbaazi. Samaki wa kuchoma na pweza ni marafiki. Viazi vya karai, bajia na muhogo wa kukaanga ni vya siku moja moja.

Kwenye sinia ndipo hesabu hupotea. Chakula cha pamoja ni kizuri kwa nafsi lakini hakina mpaka, na mwenyeji anaendelea kukusukumia nyama na wali wake. Nyumbani jitolee fungu lako kwenye sahani kabla hujakaa, wali ukubwa wa ngumi yako, nusu ya sahani iwe mchicha, kunde, mabenda au kachumbari. Harusini anza na kachumbari na nyama, wali uufikie ukiwa umeshashiba nusu.

Kutembea dakika 30 kwa mwendo wa haraka hutumia kalori 100 mpaka 150 tu, kwa hiyo usitegemee kulipia biriani kwa miguu. Faida yake kubwa iko kwenye sukari: dakika 10 au 15 baada ya kula hushusha ile inayopanda baada ya chakula. Jua likiwa kali subiri alasiri. Pale Mama Ngina, ufukweni mwa Mombasa, pana upepo na njia nzuri, ingawa matembezi yale yana mtihani wake, harufu ya muhogo na pilipili mwisho wa njia. Vaa viatu, hata ufukweni. Miguu iliyopungukiwa hisia haijui mchanga wa moto wala miiba ya baharini mpaka kidonda kioze. Kama uko kwenye insulini au glibenklamaidi, tia peremende mfukoni.

Lengo la kwanza lisiwe kubwa. Asilimia 5 ya kilo 90 ni kilo 4 na nusu, na hizo peke yake huonekana kwenye sukari na presha. Wanaopungua sana hupata zaidi: katika utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliotangaza matokeo yake ya mwaka wa kwanza mwaka 2017, karibu nusu ya waliowekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito walitoka kwenye kiwango cha kisukari bila dawa, na miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi ilikuwa asilimia 86. Walikuwa watu waliogunduliwa miaka 6 nyuma au chini ya hapo, hawako kwenye insulini, na chini ya uangalizi wa karibu. Uangalizi huo ni muhimu, kwa sababu ukianza kupungua na dozi ya vidonge ikabaki ile ile, utaporomoka.

Vidonge vingine vilivyo mfukoni

Prednisoloni ya pumu au ya viungo hupandisha sukari na uzito kwa pamoja. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Baadhi ya dawa za akili, olanzapini hasa, huongeza sana. Anayemeza dolutegravia kwa ajili ya VVU anapaswa kuhakikisha kliniki zote mbili zinajua, maana huongeza metfomini kwenye damu na kwa kawaida dozi ya metfomini haipitishwi miligramu 1000 kwa siku. Pia yenyewe huweza kuleta ongezeko la uzito. Na vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri bila pakiti mara nyingi huwa na deksamethasoni, jamaa yake prednisoloni. Kwa mwenye sukari ni sumu.

"Nakonda na sitaki"

Pima sukari kwanza. Ikiwa juu, na kiu na mkojo vimerudi, dawa haitoshi au hainywewi, na huenda wakati wa insulini umefika. Ikiwa sawa, tazama tumbo. Metfomini mwanzoni huleta kuharisha, kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni. Ianze kwa dozi ndogo, imezwe katikati ya chakula, na ikishindikana uliza ile inayotoka polepole. Kwa aliyeitumia miaka mingi na sasa ana ganzi na uchovu, omba kipimo cha vitamini B12.

Sukari sawa, tumbo sawa, na bado wakonda? Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, homa za jioni: nenda ukapimwe kifua kikuu. Kisukari huongeza hatari ya ugonjwa huo mara mbili au tatu, na kukonda huko watu hukusingizia sukari mpaka muda umepita. Aliye na zaidi ya miaka 50, akikonda ghafla na sukari ikavurugika bila sababu, achunguzwe kongosho.

"Nimesikia kuna sindano ya wiki inayokondesha"

Ipo, ni semaglutaidi, na kweli inafanya kazi. Bei yake ndiyo inayowashinda wengi. Hupunguza njaa na kuchelewesha chakula tumboni, hivyo kichefuchefu ni cha kawaida na dozi hupandishwa kidogo kidogo. Ikiachwa, uzito mwingi hurudi: katika utafiti mmoja, kwa watu wasio na kisukari, walioacha walirejesha takriban theluthi mbili ya kilo walizopoteza ndani ya mwaka. Usinunue kwa mtu wa mtandaoni anayeileta kwenye mfuko wa nailoni. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia zilizonaswa Brazil, Uingereza na Marekani, na baadhi ya bandia huweza kuwa na insulini ndani.

Dapagliflozini na empagliflozini ni vidonge, hupunguza kilo 2 au 3 kwa kutoa sukari kwenye mkojo kwa makusudi. Sukari hiyo hualika fangasi sehemu za siri, basi usafi na maji ya kutosha. Siku ya kutapika au ya kuharisha, piga simu kliniki uulize kuhusu kuzisimamisha.

"Mwezi wa Ramadhani nafunga, na bado nanenepa"

Kwa sababu tunafuturu kaimati, sambusa, viazi vya nazi na tambi, kisha wali saa tatu, kisha daku nzito na kulala juu yake. Fungua kwa tende moja mbili na maji, swali magharibi, halafu kaa kula mlo mmoja wa maana. Vya kukaanga vichague kimoja kwa siku. Daku ichelewe, iwe ya mbaazi, maharagwe, yai, kitu kinachodumu.

Dawa zipangwe upya na daktari mwezi mmoja au miwili kabla, sio usiku wa kuandama mwezi. Dozi kubwa ya asubuhi kwa kawaida huhamia futari, na dozi ya daku hupunguzwa. Wanazuoni wengi wanasema kupima tone la damu hakuvunji saumu, basi pima mchana. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, miongozo ya madaktari inasema fungua hapo hapo. Baada ya Idi muone tena daktari, dozi za mchana zirudishwe. Na kama unaendelea na sita za Shawwal, mwambie mapema, ili ratiba ya Ramadhani ibaki kwa siku hizo za kufunga.